Somo: Volkano ikilipuka wageni wakiwa juu kwenye kreta

Somo hili ni la waelekezi, madereva wa vani za watalii na wauguzi wa zahanati za kati ya Naivasha na Nakuru. Si tangazo la hatari, ni maandalizi.

Ukitaja volkano, wengi huwaza uji wa moto unaotiririka. Huo mara nyingi mtu mzima huukwepa kwa miguu. Wanaosimama ukingoni mwa shimo huuawa na mawe yanayoruka, mvuke, majivu ya moto na gesi. Kule Whakaari, New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019, watu 47 walikuwa kisiwani na 22 wakafa, wengi kwa kuungua. Mlima Ontake, Japani, Septemba 2014, waliokufa na waliopotea walifika 63, wengi wakiwa wamepigwa na mawe. Yote miwili ilikuwa milipuko ya mvuke: maji yaliyo chini ya ardhi huchemka ghafla na kupasua mwamba, na onyo huwa dogo au halipo kabisa. Penye ardhi inayofuka mvuke kama Hell's Gate (karibu na Naivasha) na Menengai (karibu na Nakuru), aina hiyo ndiyo ya kuwazia kwanza.

Hatua ya 1: Dakika za mwanzo. Jifiche nyuma ya jabali, mkoba juu ya kichwa, mdomo na pua vimefunikwa. Anayesimama kupiga video ndiye anayeangukiwa. Mawe yakipungua, ondokeni mkielekea upande upepo unakotoka, mkifuata mgongo wa kilima. Msishuke bondeni. Mafunzo ya moto wa nyumba yanasema tambaa chini ya moshi. Hapa kutambaa kunaweza kukuua, maana kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hutuama mabondeni. Watu wa Goma, Kongo, wana jina lake, mazuku. Gesi yenye harufu ya mayai viza nayo ina hila: ikizidi sana pua hufa ganzi, harufu ikapotea, ukadhani imeisha.

Hatua ya 2: Hesabu, kisha piga simu. 1199 ni Msalaba Mwekundu, 999 au 112 ni polisi. Taja lango mlilopo, idadi ya watu, wangapi hawawezi kutembea, na upepo unapeleka majivu wapi, ili ambulensi isipitie humo. Msikae mkingoja helikopta: majivu huharibu injini zake.

Hatua ya 3: Panga majeruhi kwa kadi za rangi: nyekundu huondoka kwanza, njano hufuata, kijani anaweza kungoja, nyeusi ni ya aliyekufa. Sekunde 30 kwa kila mtu, zisizidi. Anayetembea ni kijani. Asiyetembea akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukibonyeza ukucha rangi ichelewe kurudi zaidi ya sekunde 2, au asitii amri rahisi kama "nishike mkono", ni mwekundu. Asiyetembea lakini yote hayo yako sawa ni wa njano. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni mweusi.

Mtego mkubwa uko kwa kijani. Aliyevuta mvuke wa moto anaweza kutembea na kuzungumza vizuri, kisha koo likavimba na kuziba saa moja au mbili baadaye. Sauti ikikwaruza, vinyweleo vya pua vikiungua, au makohozi yakiwa na majivu, mpe nyekundu hata kama anakwambia yuko sawa. Huyu huketishwa wima, hapaswi kulazwa chali, na ndiye wa kwanza kuondoka.

Hatua ya 4: Majeraha ya kuungua. Vua nguo, viatu, pete na saa kabla uvimbe haujaanza. Nguo iliyogandana na ngozi ikate pembeni uiache. Pangusa majivu makavu kwanza, kisha mwagia maji safi dakika 20. Majivu mara nyingi hubeba asidi, kwa hiyo maji haya yanapoza na kuosha kwa pamoja. Jerikeni moja ya lita 20, ukimimina lita moja kwa dakika, inatosha jeraha la mtu mmoja. Vani iliyobeba wageni wanane ikiwa na chupa za maji ya kunywa tu haijajiandaa.

Poza jeraha, usimpoze mtu mzima mzima. Upepo wa jioni wa Naivasha pamoja na nguo mbichi humshusha joto haraka, hasa mtoto. Sehemu zisizoungua zifunike blanketi. Baada ya hapo laza juu ya jeraha plastiki safi ya kufungia chakula au leso iliyofuliwa. Usizungushe, kiungo kitavimba na kujibana. Barafu, dawa ya meno, samli na ute wa yai viacheni jikoni.

Hatua ya 5: Maji mwilini. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kwa wauguzi: mililita 4 × kilo × asilimia iliyoungua. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 30 atahitaji mililita 8,400 za maji ya dripu aina ya Ringer kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Saa hizo huanza alipoungua, si alipofika hospitalini, na hapa ndipo wengi hukosea. Andika muda wa kuungua kwenye kadi yake. Aliyeungua kidogo na anayemeza vizuri anyweshwe ORS (maji ya chumvi na sukari) kidogo kidogo.

Hatua ya 6: Usafirishaji. Wasipozuiwa, kijani hudandia gari la kwanza na kujaza hospitali ya karibu kabla ya wekundu kufika. Wakusanye pamoja, wapelekwe zahanati au hospitali ya mbali kidogo kwa basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, leso iliyoloweshwa haitoshi badala ya barakoa?*
Ni afadhali kuliko kukosa, lakini kuilowesha hakuongezi uchujaji. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, iliyokaza vizuri usoni ndiyo bora, na ndevu huilegeza. Gesi haizuiwi na yoyote kati ya hizo.

*Macho je?*
Usisugue, majivu ni kama vigae vidogo vya kioo. Toa lenzi, suuza kwa maji safi mengi.

*Tangi letu linakinga maji ya mabati. Tufanyeje majivu yakianza kuanguka?*
Chomoa bomba la mfereji kabla ya mvua, funika tangi. Maji yaliyoingia majivu yaache yatuame, chuja, ndipo utie klorini. Kwenye maji machafu klorini hupungua nguvu. Kuchemsha hakuondoi floridi, na Nakuru tunaijua kwenye meno yetu. Na paa lisiachwe hivyo hivyo: sentimita 10 za majivu yaliyolowa hupita kilo 100 kwa mita moja ya mraba. Nyunyizia maji kidogo tu, fagia, mtu mwingine ashikilie ngazi.

*Tukikwama kwenye korongo la Hell's Gate mvua ikianza?*
Tokeni mara moja. Mafuriko ya ghafla yameua watu humo 2012 na 2019 bila volkano yoyote. Majivu yakifunika ardhi, maji hayazami ardhini.

*Mgeni ana pumu na inhela yake, lakini hawezi kuvuta sawasawa.*
Chukua chupa ya plastiki ya mililita 500, toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa plasta. Aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute pumzi 4 hadi 6, ndipo ubonyeze tena, mpaka mara 10. Asipopata nafuu rudia baada ya dakika 20 huku gari likienda, na kadi yake iwe nyekundu.