Mbwa wa kuchunga Dodoma: mfundishe kusimama kabla hujamfundisha kuruka

Mwezi Mei, uwele ukikaribia kuvunwa, nilikaa jioni moja kando ya zizi wilayani Bahi nikisubiri mbuzi warudi. Walikuja kama arobaini, na nyuma yao mbwa wa kahawia, mwembamba, miguu mikavu. Beberu mmoja akachepuka kuelekea shamba la jirani. Mbwa hakubweka wala hakumkimbilia. Alizunguka kwa mbali, akamtokea kwa mbele, akalala kifua chini huku amemkazia macho. Beberu akasita, akageuka mwenyewe. Kijana aliyekuwa akichunga alikuwa amepiga mluzi mmoja tu.

Mbwa yule hakuwa wa kununuliwa mbali. Alizaliwa kijijini, na mama yake alikuwa akiswaga mbuzi wa boma lilelile.

Nalisema hili kwa sababu wafugaji wengi wanaoniuliza huanza na mbegu za kigeni. Border Collie kweli ni fundi wa kazi hii. Ukoo wake umetoka kwa wachunga kondoo wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na dume aliyezaliwa mwaka 1893, Old Hemp, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo huo. Hata kwenye mashindano ya wepesi, yale ya mbwa kuruka vizuizi na kupenya mirija yaliyoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1978, mbegu hii ndiyo inayotamba. Lakini manyoya yake ni ya vilima vya baridi, siyo ya jua la Oktoba la Chamwino. German Shepherd naye ni mlinzi mzuri wa nyumbani, ila ni mzito, na nyonga zake huwa na tatizo la kurithi. Kwa kazi ya kuvuka makorongo kutwa nzima, mimi ningechagua mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, wa kilo 15 hadi 20, kabla ya hao wote.

Kama tayari unaye mbwa wa ukoo wa Collie, sikia hili: baadhi yao hubeba kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa ya ivermectini kuingia kwenye ubongo. Sindano ile unayowachoma ng'ombe inaweza kumuua. Na mbwa wa aina yoyote usimkadirie dawa ya ng'ombe kwa macho. Muite bwana mifugo.

Unapokwenda kuchagua mtoto wa mbwa, mtazame mama kwanza, tena akiwa kazini. Fika saa mifugo inaporudi. Je, anazunguka kundi au anaingia katikati na kulitawanya? Anang'ata masikio ya ndama? Mwenye mbwa akimwita, anakuja? Kisha kaa na watoto wake wakiwa na wiki saba hivi. Angusha sufuria nyuma yao. Wote watashtuka, na hilo si kosa. Unayemtaka ni yule anayerudi baada ya muda kuinusa. Anayejificha asitoke tena atakimbia siku ng'ombe akimpigia kwato. Mwangalie pia vidole: vishikane, unyayo uwe mnene. Kwenye ardhi yetu ya changarawe na miiba, nyayo ni nusu ya mbwa. Mchukue akiwa na wiki nane, si chini ya hapo, na umzoeze mapema harufu ya zizi, kelele za watoto na mlio wa pikipiki.

Amri ya kwanza ni "simama". Nairudia kila mahali ninapofundisha, maana wafugaji wengi huanza na "kamata", halafu wanashangaa mbwa akiua mwanambuzi. Mbwa asiyejua kusimama hafai kuonyeshwa mbuzi hata mmoja. Mfunge kamba ya mita nane au kumi, tembea naye, tamka amri mara moja, kaza kamba taratibu. Akisimama, mpe kipande cha ugali na dagaa papo hapo. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha. Amri iwe ya Kigogo, Kirangi au Kiswahili, ni sawa, ila nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "simama" na mtoto akasema "tulia", mbwa hatamsikiliza yeyote.

Akifika miezi minane hadi kumi, tengeneza boma la miiba la mviringo, weka ndani mbuzi watano wapole, usiweke ng'ombe mwenye ndama. Simama upande mmoja, yeye awe upande wa pili wa kundi. Ukihama kulia, mbwa wa asili ya kuchunga atahama aendelee kukabiliana nawe ng'ambo ya mbuzi. Ukiliona hilo, umepata mbwa. Lililobaki ni kumzuia asisogee karibu mno, kwa sababu mbuzi wakibanwa hutawanyika.

Sasa wepesi. Mbwa wa Dodoma anahitaji kuruka korongo, kupenya vichaka, kugeuka ghafla. Haya yanafundishika kwa fito na mawe. Chomeka fito kumi na mbili kwa mstari, nafasi ya sentimita 60, umwongoze apite kwa kupinda huku na huku. Laza fito nyingine chini avuke. Lakini kuruka juu kusubiri. Mbwa wangu wa kwanza nilimrusha ukuta wa tofali akiwa na miezi sita, kwa kuwa alipenda na mimi nilifurahi kumwona. Kabla hajatimiza mwaka alikuwa akiamka anachechemea bega la kushoto, na hakupona kabisa. Sehemu laini za mifupa, zile zinazorefuka, zilikuwa hazijakomaa. Hadi miezi 15, au 18 kwa mbwa mkubwa, kizuizi kisizidi urefu wa kiwiko chake. Wala usimfundishe kuruka ua wa minyaa. Utomvu wake huunguza macho vibaya.

Mazoezi yaishe saa 3 asubuhi, yaanze tena saa 11 jioni. Weka mgongo wa mkono wako ardhini. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake pia zinaungua. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Ulimi ukiwa mwekundu sana, mate yakawa mazito na akaanza kuyumba, mpeleke kivulini haraka, mwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, mpepee.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mkichinja, msimpe mapafu wala maini mabichi yenye malengelenge, maana humpa minyoo ambayo mayai yake huwaletea watu uvimbe wa ini.

Siku ya kwanza ya malisho ya kweli, mwache afanye kazi nusu saa tu, halafu mfunge akae karibu na mchungaji. Jioni mlaze ubavu, tanua kila kidole kwa gumba lako, chomoa miiba, osha kwa maji ya chumvi. Kesho yake anza naye tena kwa nusu saa.