Jinsi ya Kuwapa Wachezaji Alama Katika Mechi za Maandalizi Bila Kuaibika Ifikapo Novemba

Kila mwezi wa Julai, mara tu timu zinapoingia kambini, shabiki wa soka wa Tanzania hujitwika kazi isiyo na mshahara ya kuwapa wachezaji alama, na aghalabu huifanya kwa haraka kuliko kamati ya usajili yenyewe. Kabla ya kushika kalamu, fahamu kwamba mechi ya maandalizi haichezwi kwa ajili yako. Huenda kocha amewakimbiza wachezaji wake asubuhi ile ile, miguu yao ni mizito kwa makusudi, na anachotaka kuona ni kama beki mpya wa kushoto anaelewana na winga wake. Kwa hiyo straika anayeukosa mpira kwa hatua mbili katika wiki ya kwanza hastahili kuitwa garasa, wala hastahili kuitwa chuma yule aliyefunga mabao matatu dhidi ya timu ya madaraja ya chini ya Misri ambayo hata msemaji wa klabu hakulitaja jina lake sawasawa.

Anza na mpinzani. Agosti 2023, katika Simba Day, tamasha la klabu ya Simba kabla ya msimu, Simba iliifunga Power Dynamos ya Zambia mabao 2-0, na sisi wa Msimbazi, yaani mashabiki wa Simba, tukagawa nane na tisa kama peremende. Timu hizo hizo zilipokutana tena katika Ligi ya Mabingwa Afrika, zilitoka sare ya 2-2 kule Ndola, kisha 1-1 pale Chamazi, na Simba ikapita kwa mabao ya ugenini huku baadhi yetu tukiwa tumefumba macho. Mgeni aliyealikwa kwenye tamasha hakabi kama mgeni anayetafuta tiketi ya makundi, hivyo alama yoyote ya siku ya tamasha ipunguzwe mbili kabla ya kuiandika.

Kisha andika dakika. Katika mechi hizi kocha anaweza kubadilisha kikosi kizima wakati wa mapumziko, na kiungo anayeingia dakika ya 70 hukuta wapinzani wamekwisha kuingiza vijana wa kikosi cha pili. Akitawala eneo la kati kwa dakika ishirini mbele ya vijana hao, huo ni ulezi, haujawa ukabaji.

Mchezaji anayehitaji uangalifu mkubwa kuliko wote ni winga mpya, yule aliyetambulishwa usiku wa manane kwa video iliyojaa moshi na muziki. Mguso wake wa kwanza atapiga kanzu, uwanja wa Benjamin Mkapa utanyanyuka, na jirani yako pale mzunguko, kwenye viti vya bei nafuu, atakukumbatia bila kukujua jina. Wewe tulia, uufuate mpira hadi mwisho wa safari yake: chenga tatu zilizoishia kwa wapinzani kurusha mpira zinahesabiwa kuwa sifuri. Halafu, anapopokonywa, ondoa macho kwenye mpira na umtazame yeye. Akigeuka na kurudi mbio kumsaidia beki wake, mwongeze alama moja. Akishika kiuno na kumtazama mwamuzi, mpunguzie mbili. Akiinama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka, funga daftari.

Kipa asiyepigiwa shuti hapewi alama, hata kama amepiga mipira mirefu mizuri. Hata anapong'ara kweli, alama zake zibaki kuwa zake. Katika fainali ya Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, Agosti 2023, kipa wa Simba, Ally Salim, alipangua penalti tatu za Yanga na kustahili kila sifa aliyopewa. Kosa lilikuwa letu tuliozigawa sifa hizo kwa mabeki, viungo na hata dereva wa basi. Tarehe 5 Novemba mwaka huo huo Yanga ikatufunga 5-1, na suala hilo nisingependa kulifafanua zaidi.

Wapo pia wa kuandikwa kwa mstari mmoja tu. Kijana aliyepandishwa kutoka kikosi cha vijana apewe sita na dua, kwa kuwa mara nyingi nyota wa Agosti hutolewa kwa mkopo Januari. Mkongwe aliyerudi kutoka likizo huku jezi mpya ikimbana tumboni apewe wiki tatu kabla ya kuhukumiwa, maana pumzi hurudi. Kasi ndiyo ya kutilia shaka.

Kuhusu kipimo chenyewe, tumia alama kumi, lakini katika kipindi hiki usishuke chini ya nne wala usipande juu ya saba. Nane ifungiwe kabatini hadi raundi ya tano ya ligi, timu itakapokuwa imekwisha kusafiri mikoani na kucheza kwenye nyasi zisizo na adabu. Kila alama iandikwe pamoja na tarehe, jina la mpinzani na dakika, kwa sababu ubishi wa kijiweni hauna kumbukumbu, na kila mtu atadai kwamba yeye alisema mapema. Shabiki wa Yanga akiomba kuliona daftari lako, mwambie atangulize la kwake.