Kunasa kumbikumbi mvua ya masika inapoanza

Huku Malava, kaskazini mwa Kakamega, Januari na Februari vumbi hupanda mpaka kwenye majani ya migomba. Kisha Machi inaingia, na alasiri moja mvua inapiga mabati mpaka husikii redio. Jirani zangu hukimbilia mbegu za mahindi. Mimi nina mahindi pia, lakini siku hiyo ya kwanza hutoka kwenda kutazama kichuguu.

Kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa. Wajaluo huwaita ng'wen, nasi Waluhya tsiswa au chiswa, kutegemea umetoka upande gani. Wanaruka kwenda kuoana na kuanzisha vichuguu vipya, na kwa sababu hawatakula kwa muda, wametoka wakiwa wamejaa mafuta. Utamu wao wote uko hapo.

Anza na mwenye kichuguu. Kila kichuguu huku kina mwenyewe, hata kama kiko kwenye mpaka na hakuna ua. Nenda mchana, umwombe, mkubaliane mgao. Muulize pia kama kimewahi kumwagiwa dawa ya kuua mchwa, maana watu huimwaga wakiona mahindi yakianguka. Kikiwa kimemwagiwa, achana nacho kabisa. Dawa hiyo haiondoki kwa kukaanga.

Halafu kisome. Udongo mbichi uliobandikwa usiku ni dalili kwamba kiko hai. Ukiona vitundu vyembamba vimefunguliwa, na askari wenye vichwa vikubwa wamesimama ukingoni, jioni hiyo usiende mbali. Usitie kidole: wale askari huuma mpaka damu itoke. Kumbikumbi wakubwa kwetu hutoka usiku, mara nyingi mvua ikiwa imenyesha na kukatika, hewa imetulia. Wako wadogo wanaotoka alasiri, na hao ndio watoto huwaita kwa kugonga vijiti juu ya kipande cha ubao, taratibu bila kukatiza, kama matone ya mvua. Kukhu yangu, yaani bibi, alinifundisha mdundo huo nikiwa na miaka sita, na akinisikia nimeharakisha aliushika mkono wangu akaupunguza mwendo. Kugonga ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo watoto wapokezane.

Kwa wakubwa tunajenga kibanda. Kata fito mbichi zinazopindika, uzichomeke kuzunguka vile vitundu, uzikunje zikutane juu kama kitanda cha mtoto chenye chandarua. Funika kwa blanketi nzito au majani ya mgomba yaliyopangwa mara mbili. Ndani kuwe giza tupu. Acha mlango mmoja tu, mdogo kama sahani. Hapo mlangoni chimba shimo la kina cha kiwiko, uzamishe ndoo ya lita 10 mpaka mdomo wake uwe sawa na ardhi, kisha weka taa ng'ambo ya ndoo. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa ya sola inatosha. Kumbikumbi akitoka gizani hufuata mwanga, na anapofika mlangoni hutumbukia. Ndoo iwe ya plastiki laini na iwe kavu kwa ndani. Ikiwa na mikwaruzo au matope, watapanda na kutoka.

Nusu saa ya kwanza ndiyo kilele. Ndoo ikijaa, ibadilishe haraka. Baada ya hapo mimi huvua blanketi na kuwaachia wengine waende zao. Hao ndio watakaofungua vichuguu vingine, na mabawa yaliyotawanyika asubuhi kuku watayachokoa wakitafuta waliosalia. Kichuguu hichohicho huweza kutoa tena mvua ikirudi. Usikichimbe kumtafuta malkia. Jirani mmoja alifanya hivyo, na mahali hapo sasa ni udongo wa kukandikia nyumba tu.

Sasa jikoni, na usilale kwanza. Mwaka mmoja nilichoka, nikafunika ndoo kwa kifuniko nikaenda kitandani. Asubuhi walikuwa wamefukuta, wananuka, nikamwaga ndoo nzima huku mama akinitazama bila neno. Tangu hapo hupasha sufuria kavu usiku uleule, moto wa wastani, na kuwatia kidogokidogo. Koroga kwa mwiko. Watakufa mara moja na mabawa yataanza kuachia. Wamwage kwenye ungo, wapoe kidogo, wasugue polepole kwa viganja, kisha upepete pale penye upepo. Chambua askari, vijiti na changarawe. Changarawe moja inaharibu mlo mzima.

Jua likitoka, waanike juu ya gunia safi. Machi jua la asubuhi huwa kali, lakini mvua huja alasiri, hivyo uwe karibu uwaanue. Siku mbili au tatu, mpaka ukimbonyeza mmoja avunjike badala ya kukunjika. Wakikauka hivyo, wahifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Wenye unyevu huota ukungu ndani ya siku chache.

Wa kula leo hawahitaji kuanikwa. Warudishe kwenye sufuria bila mafuta, kwa sababu watatoa yao wenyewe, na utasikia yanachemka. Nyunyiza maji ya chumvi kidogo, koroga mpaka yakauke na rangi iwe kahawia inayong'aa. Vitunguu sivipendi hapa, vinafunika ladha ya njugu iliyo yao. Waandae na ugali wa wimbi ukiwa moto.

Ukiwa na wengi wa kuuza, wapime kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ukiwa umeshapepeta mara mbili. Wanunuzi hutia mkono mpaka chini kuangalia mabawa. Lakini kabla ya kupima chochote, jaza sahani, uifunike kwa jani la mgomba, umtume mtoto aipeleke kwa mwenye kichuguu ingali moto.