Jinsi ya kumpima mgonjwa wa COPD nyumbani kabla hajazidiwa

Mama yangu ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaofanya njia za hewa ziwe nyembamba na zisirudi kama zamani. Sigara hajawahi kushika, amepika vitumbua kwa kuni na mkaa hapa Mbagala zaidi ya miaka ishirini, moshi ndo umemfikisha hapo. Mwaka jana alizidiwa usiku tukamkimbiza hospitali na bajaji, na kosa lilikuwa langu maana nilikuwa naangalia namba moja tu, oksijeni. Kimashine cha kubana kidoleni kinasoma 93 kama siku zote nikajua yuko salama, kumbe pumzi zake zilishatoka 18 kwa dakika zikafika 26 tangu juzi yake, yaani mwili ulikuwa unahangaika kuvuta hewa ili hiyo 93 isishuke.

Kwahiyo anza na pumzi. Mgonjwa akae ametulia dakika tano, halafu usimwambie unahesabu pumzi, mtu akijua tu anabadilisha bila kutaka. Mimi namshika kifundo cha mkono kama nampima mapigo huku macho yako kifuani, kikipanda na kushuka hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ni 12 hadi 20, ila wenye COPD wengine hata siku nzuri wanakuwa juu kidogo ya hapo, na ndo maana lazima ujue za kwake. Akiwa mzima mpime wiki mbili mfululizo, kila asubuhi muda uleule, uandike kwenye daftari. Bila hizo siku nzuri, namba za siku mbaya hutajua uzilinganishe na nini.

Mapigo ya moyo pima kabla hajavuta pampu ya bluu (ile ya salbutamol, ya kufungua njia za hewa haraka), kwasababu ile dawa yenyewe inapandisha mapigo kwa muda, utashtuka bure.

Sasa oksijeni. Kidole kisiwe na rangi ya kucha wala hina wala piko, sisi tunasahau hili hasa kipindi cha harusi na sikukuu, na mkono ukiwa wa baridi usugue kwanza upate joto. Subiri kama dakika moja namba itulie ndo uandike, usichukue ile ya kwanza inayoruka. Na jambo ambalo kila mtu mweusi angepaswa kuambiwa anaponunua hiki kimashine: kwenye ngozi nyeusi mara nyingine kinasoma juu kuliko hali halisi, kwahiyo namba nzuri isikufanye upuuze mgonjwa anayehema. Angalia inavyoshuka kutoka kwenye kawaida yake, ikishuka 3 au 4 na ikabaki hapo, hiyo ni taarifa. Daktari anaweza kukwambia lengo lake ni 88 hadi 92, usibishane naye, kuna wagonjwa wa COPD ambao oksijeni ikizidi hewa chafu inajaa kwenye damu wanaanza kusinzia, na ndo sababu kama mna mtungi nyumbani usifungulie zaidi ya ulivyoelekezwa.

Joto ni kipimajoto tu, 38 kwenda juu ni homa, ila wazee wanaweza kuwa na maambukizi bila homa kabisa.

Makohozi usione kinyaa, mpe kopo jeupe uone vizuri. Yakitoka meupe yakawa ya njano au kijani, yakaongezeka, yakawa mazito, na hapohapo anahema zaidi ya kawaida, piga simu kliniki siku hiyohiyo, usikimbilie duka la dawa kununua antibaiotiki kwa kubahatisha. Hata kama makohozi hayajabadilika, hali yake ikiwa mbaya kuliko kawaida yake siku mbili mfululizo mpeleke kliniki.

Na kuna kipimo hakihitaji mashine. Asubuhi nikisema "shikamoo mama", siku nzuri anajibu "marahaba mwanangu, umeamkaje, watoto wameenda shule, na yule mwenye mafua je?" kwa pumzi moja. Siku mbaya ni "marahaba mwanangu, umeamkaje", anapumzika, "watoto wameenda shule", anapumzika tena. Nikisikia hivyo naenda kuchukua daftari kabla hata ya chai.

Zipo dalili ambazo hupimi tena, unaondoka naye tu kwenda hospitali: hawezi kumaliza sentensi, pampu haimsaidii, anachanganyikiwa au anasinzia ovyo, kifua kinamuuma, oksijeni imeshuka chini ya ile namba aliyopewa na daktari, au ndani ya midomo na ulimi pamekuwa rangi ya bluu au kijivu (kwetu weusi angalia humo ndani, nje utadanganyika). Usisubiri foleni ya Kilwa Road ipungue.

Ukienda kliniki beba daftari na umwombe daktari aandike humo namba za mgonjwa wako, ipi ya kupiga simu na ipi ya kukimbia. La mama kwenye jalada nimeandika namba ya dereva wa bajaji wa mtaani anayekubali kuamshwa saa nane usiku, na betri za akiba za kimashine ziko kwenye mkoba mmoja na pampu na kadi ya bima, nyuma ya mlango.