Kufufua breki za GMC CCKW iliyolala miaka mingi

GMC CCKW, lori la kijeshi la tani 2½ lenye ekseli tatu zote zinazovuta, lilitengenezwa Marekani kati ya 1941 na 1945, zaidi ya malori 500,000. Injini yake ya silinda sita, ujazo wa lita 4.4, haina makuu: mara nyingi ukisafisha kabureta, tangi na plagi, inawaka. Hatari inaanzia hapo, maana lori linatembea huku breki ni zile zile zilizolala. Mfumo wake una mzunguko mmoja tu wa mafuta. Bomba moja likipasuka, dramu zote sita zinakosa breki, na breki ya mkono inashika shafti, haishiki magurudumu. Anza na breki, injini ingoje.

Tia kabari, inua, kalisha ekseli kwenye stendi, usiamini jeki. Nati za upande wa kushoto zina hesi ya kinyume, na bolti zake zina alama ya L. Anayezilazimisha kwa mazoea hukata bolti. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma, nati ndefu kama kofia hushika gurudumu la ndani, na ya nje hukaa juu yake. Ukitaka kukaza la ndani, legeza kwanza la nje, la sivyo unadhani umekaza kumbe bado linacheza.

Kama matairi nayo yanatoka kwenye rimu, ng'oa sindano ya vali, upepo wote uishe, kisha pitisha waya kwenye vali uhakikishe haijaziba. Rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti isifunguliwe kamwe ikiwa na upepo. Pete ya kushikilia tairi kwenye rimu, ikiwa imeliwa na kutu, itupwe, na kujaza upepo kufanyike ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikiruka inaua.

Dramu ikigoma kutoka, rudisha nyuma virekebishi vya viatu vya breki (vipande vinavyosukumwa kuigusa dramu kwa ndani), kisha gonga kuzunguka kwa nyundo ya shaba. Usiibandue kwa mtaimbo pembeni, chuma cha kutupwa hupasuka. Laini za zamani, yaani bitana zilizobandikwa kwenye viatu, huwa na asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi kwa kompresa. Lilowanishe, vaa barakoa ya daraja la FFP3, futa, funga kwenye mfuko.

Kazi yenyewe iko kwenye silinda za magurudumu. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu, na maji hutulia chini ya silinda, pale mipira ya kuzibia mafuta ilipokaa. Toa pistoni, safisha kwa spiriti, angaza tochi ndani. Utaona madoa meusi sehemu ya chini. Sugua kidogo kwa jiwe la kunolea silinda, kisha pitisha ukucha. Ukikwama kwenye kishimo, usiendelee kusugua, maana unapanua tundu na mpira hautaziba tena. Silinda hiyo ipelekwe kwa mchongaji aiwekee bushi ya chuma kisichoshika kutu, kipenyo kirudi kile cha asili, au ununue mpya. Mipira yote ibadilishwe na ipakwe mafuta ya breki tu. Grisi ya kawaida au mafuta ya injini huivimbisha, breki zikashika na kukataa kuachia.

Hosi za mpira zitupwe zote bila huruma, hata zinazong'aa nje. Ndani huvimba na kugeuka vali: unakanyaga, mafuta yanapita, unaachia, hayarudi. Mabomba mapya yawe ya aloi ya shaba na nikeli, midomo ikunjwe mara mbili. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Hydrovac, kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa injini, ina ugonjwa wake: mafuta ya breki yanapungua, hakuna panapovuja, na ekzosi inatoa moshi mweupe. Injini inayavuta kupitia sili iliyochoka. Ukishaifunga upya, ijaribu: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa, shikilia pedali, washa. Pedali ikishuka kidogo, inafanya kazi.

Mafuta ya silikoni, DOT 5, hayanyonyi maji na yanalifaa lori linalokaa sana. Lakini hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, kwa hiyo yaweke kwenye mfumo mpya mtupu, na uyamimine polepole kwani hushika mapovu. DOT 5.1 si silikoni, usichanganywe na jina. Toa upepo ulionaswa kwenye mafuta, ukianza na Hydrovac, injini ikiwa imezimwa, kisha gurudumu la mbali zaidi ukija karibu.

Pedali iwe na mchezo wa milimita 6 hadi 12 kabla ya kusukuma silinda kuu. Bila mchezo huo, tundu la kurudishia mafuta halifunguki, presha inajengeka na breki zinajifunga zenyewe njiani. Kisha kaza pedali kwa ubao ulioegemea kiti, uiache usiku kucha, na asubuhi upapase kila nati ya bomba kwa karatasi kavu.

Endesha taratibu kilomita chache, simama, sogeza kiganja karibu na kila dramu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kiatu kimekazwa mno au mafuta hayarudi. Fungua nipeli yake ya kutolea upepo: gurudumu likiachia, tatizo ni mafuta yaliyonaswa; likibaki gumu, rudi kwenye kirekebishi na springi.