Mwalimu wa kujitolea kwenye Siku ya Uhuru shuleni India

Tarehe 15 Agosti shule za India hupandisha bendera, na mwalimu mgeni hakai pembeni na simu akipiga picha. Anapangiwa darasa la kusimamia, na mara nyingi huitwa jukwaani aseme neno. Shughuli huanza mapema, aghalabu kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Kunywa chai nyumbani kabisa, kwa sababu vitafunio havitoki mpaka hotuba ya mwisho iishe. Agosti ni msimu wa mvua katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo uwanja huwa na tope.

Anza na mavazi. Mwanamume atapendeza kwa kurta, yaani shati refu la Kihindi, nyeupe ya pamba. Mwanamke asiyezoea sari avae shalwar kameez (suruali pana na gauni la juu) na mtandio, hakuna atakayemlaumu. Kitenge chako nacho kinafaa, mradi mabega yafunikwe. Usijifunge bendera ya India kiunoni wala usifanye kitambaa chake leso. Sheria hairuhusu, hata kama umefanya kwa mapenzi.

Ukiamua kuvaa sari, ina takriban mita 5.5. Vaa viatu kwanza, la sivyo urefu utaukosea na utaukanyaga upindo. Kaza kamba ya gaguro usawa wa kitovu, maana uzito wote unaning'inia hapo. Ikilegea, marinda yote yatakuporomokea mbele ya wanafunzi. Chomeka ncha upande wa kulia, zungusha mara moja, kisha kunja marinda sita au saba ya upana wa kiganja, yakielekea kushoto. Yabane kwa pini kabla ya kuyachomeka. Kipande kilichobaki kipitie kifuani hadi bega la kushoto, nacho kipate pini yake. Fanya mazoezi mara mbili siku ya kabla, na utembee ngazi.

Sasa uwanjani. Kanuni za Bendera za mwaka 2002 zina sehemu inayohusu shule. Wanafunzi hujipanga pande tatu za mraba, mlingoti ukiwa katikati ya upande wa nne. Mwalimu mkuu, kiranja wa gwaride na anayefungua bendera husimama hatua tatu nyuma ya mlingoti. Mwalimu wa darasa husimama hatua tatu nyuma ya mstari wa mwisho wa wanafunzi wake, karibu na katikati. Hapo ndipo pako. Wageni wengi hukosea kwa kusogea mbele kwenye viti vya wakubwa, au kuzunguka mlingoti wakitafuta picha nzuri.

Bendera hukunjwa na kufungwa kwa fundo linalofunguka kamba ikivutwa, na kanuni zinaruhusu kuweka petali za maua ndani ili zimwagike. Ukiombwa kusaidia kuifunga, angalia rangi ya zafarani iwe juu na kijani chini; kuigeuza ni kosa kubwa. Petali ziwe konzi moja tu na ziwe kavu, kwani zilizolowa hugandana. Mvua ikinyesha usiku, fundo hukaza na kukataa kufunguka, kwa hiyo ijaribuni kamba asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia. Ikikwama wakati wa sherehe, tulia. Kuna mtu wa kazi hiyo.

Ikifunguka, kiranja huamuru saluti. Baada yake huimbwa wimbo wa taifa, Jana Gana Mana, takriban sekunde 52. Simama wima, mikono ubavuni, usiweke mkono kifuani, usitikisike mpaka amri itolewe. Kisha huweza kufuata kiapo cha kuipenda nchi. Hicho ni cha raia: wewe nyamaza tu kwa heshima.

Hotuba yako isizidi dakika mbili. Msalimie mgeni rasmi kwanza, halafu mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi. Maliza kwa “Jai Hind” (Ushindi kwa India) na utashangiliwa. Ukivishwa shada la maua, inamisha kichwa ulipokee, ukae nalo kidogo, kisha ulivue na kuliweka mezani. Ukiitwa kuwasha taa ya shaba, vua viatu, washa utambi mmoja, umwachie mwingine wake, na mkono wa kushoto ushike mtandio au ncha ya sari. Moto huukuta mtandio kwa haraka kuliko unavyodhani. Mwanafunzi akiinama kukugusa miguu kwa heshima, usiruke nyuma, mguse kichwani.

Kisha ladu na jelebi, ambazo Mswahili hahitaji kuelezwa. Pokea na ugawe kwa mkono wa kulia. Taabu huja pale mgeni anapotaka kuleta tamutamu zake: Wahindu wengi na Wajaini (wafuasi wa dini ya Jaini) hawali nyama wala mayai, na peremende laini mara nyingi zina gelatini inayotokana na wanyama. Tafuta kwenye pakiti alama ya nukta ya kijani ndani ya mraba, inayoonyesha kuwa hakuna nyama. Halua ya Unguja, iliyotengenezwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, inafaa, ila taja viungo vyake vyote na umwonyeshe mwalimu mkuu kwanza. Usishangae mwenzako akikataa: huenda amefunga, kwani mara nyingi Agosti huangukia Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu ambamo wengi hufunga.

Picha za watoto usizitume popote bila ruhusa ya shule.

Watu wakitawanyika, vijibendera vya karatasi hubaki vimezagaa kwenye tope. Kanuni zinakataza kuvitupa chini. Chukua mfuko, uviokote pamoja na wanafunzi wa darasa lako, na umkabidhi mwalimu wa zamu. Vilivyochanika huharibiwa faraghani, kwa heshima, mbali na macho ya watu.