Kusaka filamu kwa bando la usiku

Mchana nahariri video za harusi pale Bondeni, usiku ndipo ninapokuwa mwanafunzi wa filamu. Bando langu ni la usiku, kwa hiyo tovuti ya kunizungusha sina subira nayo.

Ukitaka kuchunguza sinema za zamani, anza na tovuti ya Lantern. Humo unatafuta neno ndani ya majarida ya zamani ya sinema na redio yaliyopigwa skani, bure. Siri yake ni kuandika jina kama walivyoliandika wao. Nilitafuta "Kenya" kwenye magazeti ya miaka ya 1910 nikawa nalaumu mtandao, kumbe koloni lenyewe lilipewa jina hilo 1920. Kabla ya hapo tafuta British East Africa. Jaribu na Mombassa, kwa s mbili. Ukipata kitu, fungua ukurasa wenyewe uusome kwa macho yako, kwani maandishi yale yamesomwa na mashine, na mashine hukosea herufi.

Filamu za mkoloni ziko Colonial Film. Katalogi ina zaidi ya filamu 6,000, ila za kutazama hapo hapo ni kama 150 tu. Usivunjike moyo, maelezo yake pekee yanatosha kuanzia sura ya utafiti wako. Huko ndiko nilikokutana na mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, waliokuwa wakipiga filamu za mafunzo Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, kisha wakazizungusha kwa lori. Nilipomsimulia bibi akacheka: sinema ya lori hata yeye aliwahi kuikimbilia, utotoni Likoni, miaka mingi baadaye.

Sasa kuchambua. Fungua YouTube kwenye kompyuta (simu haifai kwa kazi hii), simamisha video kwa K, kisha bonyeza kitufe cha nukta (.). Picha inasogea fremu moja. Kitufe cha mkato (,) kinairudisha. Hapo utaona hasa shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, inapoishia. Hesabu shoti za dakika tatu za mwanzo. Zikiwa 45, gawanya sekunde 180 kwa 45, kila shoti ina wastani wa sekunde nne. Cinemetrics ina hesabu za filamu nyingi za kulinganishia. Video zangu za harusi zilinitia haya, wallahi.

Makala za kitaaluma: akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya mtandaoni, inakusomesha makala 100 kila siku 30. Marejeo yatupie Zotero, programu ya kuyatunza na kuyapanga.

Na kila ukurasa unaoutegemea, bandika kiungo chake kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, sehemu ya kuhifadhi, siku hiyo hiyo. Mimi nilisema kesho. Mahojiano niliyojengea sura yangu ya tatu yakafutwa wiki mbili kabla ya kuwasilisha, na hapakuwa na nakala popote. Nikaiandika upya usiku kucha, huku bwana harusi mmoja akinipigia simu kudai flashi yake.